Namba ya juu 162, ya chini 78: je, mishipa yangu imeshaziba?

SWALI

Kwako Daktari wa safu hii,

Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa miaka 53, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga mjini, na shughuli yangu ni kupika vitumbua na maandazi ninayouza asubuhi karibu na nyumbani. Nimezaa watoto wanne. Hedhi yangu ilikoma nikiwa na miaka 49, na presha iligundulika miaka michache kabla ya hapo, siku nilipomsindikiza mama mkwe kliniki, nikaambiwa nami nipime kwa kuwa nilikuwa nimekaa bure kwenye benchi.

Niliandikiwa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku. Miguu ikivimba naviacha vidonge, kichwa kikinigonga navirudia. Pamoja navyo hununua diklofenaki kwenye duka la dawa kwa ajili ya magoti, maana tangu saa kumi alfajiri nakaa kwenye kigoda mbele ya jiko, na nikitaka kuinuka magoti hayanyooki. Dawa zote hukaa katika mfuko mmoja wa karatasi, na mjukuu wangu ndiye anayenisomea ipi ni ipi.

Kilichonisukuma kuandika ni dada yangu anayeishi Pangani. Ana miaka 58, naye ana presha kama mimi, na miezi michache iliyopita alipata kiharusi; mkono wa kulia haushiki kitu na maneno yanamtoka kwa taabu. Tuliambiwa kwamba mshipa wa damu unaokwenda kichwani umeziba. Baada ya hapo nikaenda kupima presha, ikaonekana 162 kwa 78. Aliyenipima akaniambia: "Mama, ya chini iko sawa, hiyo ya juu ni ya umri tu."

Wifi yangu wa Dar es Salaam anasisitiza kwamba wanawake wa rika letu wapigwe picha ya mishipa ya shingo, na yuko tayari kunipeleka mahali wanapoipiga. Mume wangu anauliza kama ni lazima, kwa sababu fedha hiyo ndiyo ada ya mtoto wetu wa mwisho. Jirani mmoja anasema mkosaji ni tui la nazi. Mwingine ameniletea unga wa mlonge na vitunguu saumu vilivyolowekwa katika asali.

Nieleze, Daktari: mishipa yangu imeshaziba? Nipige hiyo picha? Na kukoma kwa hedhi kunahusika vipi? Sigara sivuti, ila mume wangu huvuta sebuleni jioni. Sukari sijawahi kupima. Jambo lingine, sijui kama lina maana kwa kuwa ni la zamani: katika mimba yangu ya mwisho nilivimba uso na mikono, presha ikapanda sana, nikazalishwa kabla ya miezi kutimia.

Mama Saumu,
Ngamiani, Tanga

JIBU

Waalaikumu salaam, Mama Saumu. Mpe dada yako pole yangu, na usiache kumhimiza afanye mazoezi ya viungo, kwa kuwa miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo yenye faida kubwa zaidi ya mazoezi hayo.

Nianze na namba zako, kwa sababu maneno uliyoambiwa kuhusu namba hizo yamekupunguzia hofu mahali ambapo hofu kidogo ingekufaa. Namba ya juu hupima msukumo wa damu pale moyo unapokaza, na namba ya chini hupima msukumo unaobaki pale moyo unapolegea. Ukitoa 78 katika 162 unabaki na pengo la 84. Kwa mtu mwenye mishipa laini pengo hilo huwa karibu na 40, na likivuka 60 kwa mtu wa makamo tunaanza kuutilia shaka mshipa mkuu unaotoka moyoni, uitwao aota. Aota yenye afya hutanuka kila moyo unapopiga, ikapokea sehemu ya ule msukumo, kisha ikajirudi taratibu na kuisukuma damu mbele wakati moyo unapumzika. Ikikakamaa, kama mpira wa ndani wa baiskeli uliokaa juani miaka mingi, haitanuki tena. Namba ya juu hupanda kwa sababu msukumo haupokelewi, na namba ya chini hushuka kwa sababu hakuna kinachojirudi. Kwa hiyo ile 78 uliyosifiwa haiwezi kuchukuliwa kuwa habari njema peke yake. Inawezekana kuwa ni sehemu ya tatizo lenyewe.

Ni kweli kwamba namba ya juu huelekea kupanda kadiri umri unavyokwenda, lakini kuwa jambo la kawaida hakulifanyi kuwa jambo salama. Zamani hata sisi madaktari tulifundishwa kuitazama zaidi namba ya chini. Utafiti mkubwa wa mji wa Framingham huko Marekani, ulioanza mwaka 1948 na kuwafuatilia wanaume na wanawake kwa miongo mingi, ndio uliosaidia sana kuonyesha kwamba baada ya miaka 50 namba ya juu hutabiri kiharusi na ugonjwa wa moyo vizuri zaidi kuliko ya chini. Kisha mwaka 1991 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine wa Marekani, ulioitwa SHEP, uliowahusu watu wa miaka 60 na zaidi ambao namba yao ya juu tu ndiyo iliyokuwa imepanda. Waliopewa dawa, ambayo msingi wake ulikuwa kidonge cha bei rahisi cha kuongeza mkojo, walipatwa na kiharusi kwa zaidi ya theluthi moja pungufu kuliko wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mtu akikwambia tena kwamba hiyo ni ya umri tu, mwambie kwamba ya umri nayo hutibiwa.

Hata hivyo, kipimo cha siku moja hakitoshi kukuhukumu. Ulipime tena shinikizo kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni, ukiwa umekaa kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano, miguu yote miwili sakafuni bila kukunja nne, kibofu kikiwa kitupu, mkono ukiwa juu ya meza sawa na kifua, na mkanda ukiwa juu ya ngozi, si juu ya mkono wa dera. Usizungumze wakati mashine inapima. Kama mkono wako ni mnene, omba mkanda mkubwa, kwa kuwa mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba za uongo, nazo huwa za juu. Nimeona mara nyingi mama akishuka kwenye bodaboda, akipanda ngazi na kupimwa huku anaulizwa maswali; namba za namna hiyo hazisaidii mtu. Ukipimia nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi tunauhesabu kuwa ni presha ya juu, na kliniki kiwango chetu ni 140 kwa 90. Kwa ulivyoeleza, sitarajii kwamba utakuwa chini ya hapo, lakini daktari wako atahitaji orodha ya vipimo ili akupangie dawa, na orodha hiyo ina uzito kuliko kumbukumbu.

Sasa nije kwenye swali la kuziba. Mshipa wa ateri kwa ndani umefunikwa na utando mwembamba wa seli, na utando huo hufanya kazi nyingi: hutoa gesi ya naitriki oksaidi inayoulegeza mshipa, huzuia damu kuganda ovyo, na huchuja kinachopita kuingia ukutani. Presha inayoupiga utando huo mwaka baada ya mwaka huuchosha. Lehemu mbaya, yaani kolesteroli mbaya, iliyomo katika damu hupenya chini yake, seli za kinga huifuata na kuimeza, na taratibu hujengeka utando wa mafuta na chokaa ambao huupunguza upenyo wa mshipa. Watu wengi hudhani mshipa huziba kama bomba linalojaa uchafu mpaka maji yakome. Mara nyingi haiwi hivyo. Ule utando wa mafuta hupasuka, damu huganda juu ya ule mpasuko kwa dakika chache, na mtu aliyekuwa akiuza maandazi asubuhi huanguka adhuhuri. Ndiyo maana siwezi kukuambia kama mishipa yako imeziba au haijaziba. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: ni mambo mangapi yanayoichokoza mishipa yako kwa pamoja? Presha ni moja tu kati yake, na katika barua yako nimeyaona mengine kadhaa ambayo hakuna aliyekuuliza.

Kubwa kuliko yote uliliweka mwishoni, kana kwamba ulitaka kulifuta. Kuvimba uso na mikono, presha kupanda na kuzalishwa kabla ya wakati ni dalili zinazolingana sana na ugonjwa wa presha ya mimba, ule ambao ukizidi huwa kifafa cha mimba. Tulizoea kuamini kwamba kondo la nyuma likishatoka, mambo yamekwisha. Leo tunajua kwamba mwanamke aliyepata hali hiyo ana uwezekano wa takriban maradufu wa kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi baadaye maishani akilinganishwa na mwenzake ambaye hakuipata, na kwamba presha ya kudumu humjia mapema zaidi. Hatari huwa kubwa zaidi pale mtoto alipolazimika kutolewa kabla ya miezi kutimia, kama ulivyozalishwa wewe. Mimba ni kama mtihani mgumu kwa mishipa, na mishipa yako ilionyesha udhaifu wake ukiwa bado kijana. Jambo linalonikera ni kwamba kadi ya kliniki ya wajawazito hukaa sandukuni nyumbani, na faili la presha hufunguliwa upya miaka mingi baadaye bila mtu kuuliza habari za uzazi. Ukienda kliniki, liseme hilo mwanzo kabisa, kabla ya magoti. Sema pia kama katika mimba yoyote uliwahi kuambiwa kwamba sukari imepanda, au kama ulizaa mtoto mdogo mno, kwa sababu mambo hayo nayo huingia katika hesabu. Na binti zako wakishika mimba, wapeleke kliniki mapema na wawaeleze wakunga kwamba mama yao alipata presha ya mimba.

Kukoma kwa hedhi nako kunahusika, ingawa wewe hujachelewa wala kuwahi: miaka 49 iko ndani ya kawaida, na wanaotutia wasiwasi zaidi ni wale ambao hedhi hukoma kabla ya miaka 40. Homoni ya estrojeni huusaidia utando wa ndani wa mishipa kutoa ile gesi ya kulegeza, na husaidia ini kuondoa lehemu mbaya katika damu. Homoni hiyo inaposhuka, lehemu mbaya hupanda katika miaka ileile ya mpito, mishipa hukakamaa kwa kasi zaidi, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na makalioni huhamia tumboni. Ndiyo sababu mwanamke ambaye katika ujana wake presha yake ilikuwa chini kuliko ya kaka yake humfikia na hata kumpita anapoelekea miaka 60. Usihitimishe kutoka hapa kwamba vidonge vya homoni vitakulinda. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu afya ya wanawake ulisimamisha sehemu yake iliyokuwa ikitoa estrojeni pamoja na projestini, kwa sababu viharusi, damu kuganda na saratani ya matiti viliongezeka. Homoni hizo zina kazi yake kwa wenye joto kali na jasho la usiku, na huandikwa kwa uangalifu. Si kinga ya mishipa.

Kuhusu mafuta ya tumboni, chukua utepe wa fundi cherehani, uzungushe kiunoni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, utoe pumzi kwa kawaida, usome. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 tunaanza kuangalia, na kuvuka 88 ni hatari iliyo wazi. Namba hiyo ina maana kwa mishipa kuliko uzito wa mwili mzima.

Diklofenaki iache, na hapa sitalainisha maneno. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huzuia chumvi na maji visitoke mwilini, hupandisha presha, huzidhoofisha baadhi ya dawa za presha, huchosha figo, na zenyewe huongeza uwezekano wa shambulio la moyo na kiharusi. Yaani mfuko wako mmoja wa karatasi una dawa ya kushusha presha na dawa ya kuipandisha. Kwa magoti tumia parasetamoli kwa kipimo sahihi pale maumivu yanapozidi, omba uonyeshwe mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, na zaidi ya yote ondoka kwenye kigoda. Jiko likiinuliwa juu ya matofali au meza ya chuma, ukapika ukiwa umesimama au umekaa kwenye kiti kirefu, magoti yatapata nafuu ambayo hakuna kidonge kitakachokupa, na uso wako utakuwa mbali kidogo na moshi. Moshi wa kuni na mkaa huingia mapafuni na athari zake hufika kwenye mishipa. Kupikia mahali penye hewa kunasaidia. Moshi wa sigara ya mume wako ni hivyohivyo. Mwambie mzee, kwa heshima yake, kwamba wewe huvuti lakini utando wa ndani wa mishipa yako unavuta kila jioni. Avutie uani, na ikiwezekana aache.

Amlodipini ni dawa nzuri, na kuvimba vifundo vya miguu ni tabia yake inayojulikana. Hakumaanishi kwamba figo au moyo umeshindwa, ingawa daktari ni lazima aangalie ili kuwa na uhakika. Suluhisho si kuiacha na kuirudia. Presha haiumi, na kichwa si mashine ya kuipimia: watu hutembea na 190 bila maumivu yoyote. Mwambie daktari kuhusu uvimbe huo. Anaweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa, au kuongeza dawa ya kundi la losatani, ambayo kwa wengi huupunguza uvimbe huo na kuishusha presha zaidi. Wenye presha kama yako wengi huhitaji dawa mbili kwa kipimo kidogo kuliko moja kwa kipimo kikubwa, kwa hiyo usione kwamba umeongezewa ugonjwa utakapoongezewa kidonge. Kushusha namba ya juu kwa pointi 10 hupunguza uwezekano wa kiharusi kwa takriban robo, na hakuna chakula wala picha ya shingo itakayokupa faida hiyo.

Mlonge ni mboga, na kitunguu saumu ni kiungo. Uvile bila shaka, na umshukuru jirani. Usiviweke mahali pa kidonge. Pia usianze kumeza aspirini kwa ushauri wa barazani, maana kwa mtu ambaye hajawahi kupata kiharusi wala shambulio la moyo, na ambaye presha yake haijatulia, aspirini inaweza kuleta damu kuvuja tumboni au kichwani.

Sasa nazi, nami nalijua uzito wa jambo hili kwa mtu wa Tanga. Jirani yako ana sehemu ya ukweli. Mafuta ya nazi yana kiasi kikubwa cha mafuta mazito, yale yanayopandisha lehemu mbaya, na hayana upekee wowote wa kuyasamehe. Lakini tui jepesi kwenye mchuzi wa samaki mara chache kwa wiki si sawa na tui zito kwenye wali, kwenye maharage na kwenye mihogo siku hiyohiyo. Punguza mara na punguza uzito wa tui. Kwenye mboga za majani tumia mafuta kidogo ya alizeti. Ninachokihofia zaidi katika vyungu vyetu vya pwani ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu unachokula, na kipande kimoja tu cha papa mkavu au ng'onda hula sehemu kubwa ya kijiko hicho kabla hujagusa achari. Usiku mmoja wa kuloweka hupunguza chumvi hiyo, hauiondoi. Mchemraba wa supu nao ni chumvi iliyopakwa rangi. Tanga hamna udhuru wa kukosa samaki wabichi, wala machungwa: hapo Muheza yamejaa, na madini ya potasi yaliyomo katika matunda na mboga huisaidia presha kushuka. Ila ngoja kwanza majibu ya figo, kwa sababu figo zilizodhoofika hushindwa kutoa potasi iliyozidi. Balungi liweke kando mpaka uulize, maana huingiliana na baadhi ya dawa.

Ama vitumbua vyako, sikuambii ufunge biashara. Nakuomba tu usifanye vile vinavyobaki kuwa chai yako ya kila siku, na mafuta ya kukaangia yakishakuwa meusi yamwagwe.

Hiyo picha ya shingo, ambayo ni altrasaundi, huonyesha unene wa ukuta wa ateri za shingoni na utando wa mafuta kama upo. Ni kipimo halali na hakina madhara. Lakini kwa mtu asiye na dalili hatukipendekezi kuwa cha kuanzia, kwa sababu iwe imeonyesha utando au haikuonyesha, wewe bado utahitaji presha ishuke, lehemu ishuke na moshi uondoke. Majibu yakitoka safi kuna hatari kwamba utarudi kwenye mtindo wa kumeza dawa kichwa kikigonga. Kwa hiyo mume wako ana haki, ingawa si kwa sababu aliyoitoa. Picha hiyo huwa ya lazima pale mtu anapopata udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, kushindwa kutamka au kupotewa na uwezo wa kuona kwa jicho moja, hata kama hali hiyo ilipita baada ya dakika chache. Kama hilo limewahi kukupata na ukalinyamazia, basi puuza niliyosema juu ya kungoja, na wifi yako akupeleke wiki hii.

Fedha kidogo iende kwanza kwenye vipimo hivi: sukari ya asubuhi kabla ya kula, ambayo ikifika milimoli 7.0 kwa lita au zaidi na kurudia hivyo ni kisukari. Lehemu zote, nzuri na mbaya. Kipimo cha kreatinini cha figo. Mkojo kutazama kama protini inavuja, kwa kuwa protini kwenye mkojo ni dalili ya mapema kwamba mishipa midogo imeumia. Na kipimo cha umeme wa moyo. Daktari aongeze kipimo cha wingi wa damu na cha tezi ya shingo, kwa vile upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi navyo vinaweza kulipanua lile pengo la namba. Vipimo hivi unaweza kuvipata katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, na kama una bima, uliza kipi kinaingia. Kwa historia yako sitashangaa daktari akikuandikia dawa ya kundi la statini ya kushusha lehemu. Ukiandikiwa, imeze, hutasikia tofauti yoyote mwilini, nayo itakuwa inafanya kazi.

Tembea. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, na si lazima zije kwa mkupuo. Baada ya kufunga biashara asubuhi tembea kuelekea Raskazone kwa mwendo wa kuharakisha kidogo, ambao unakuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Ukiona kwamba kila ukitembea umbali fulani mashavu ya miguu yanabana, ukisimama yanaachia, ukianza tena yanabana, hayo si magoti wala uzee. Ni ateri za miguu zinazolalamika, na daktari anaweza kuzichunguza kwa kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono.

Kuna dalili ambazo hazingoji siku ya kliniki. Uso kushuka upande mmoja, mkono kukosa nguvu na maneno kuvurugika ni kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa moyo, sisi wanawake mara nyingi hatupati lile pigo kali la kifua linaloonyeshwa kwenye maigizo: huja uchovu usio wa kawaida, pumzi kukatika, kichefuchefu na jasho baridi, maumivu ya taya, bega au mgongo wa juu, nasi tukasema ni gesi. Waeleze watoto na huyo mjukuu anayekusomea dawa. Likitokea lolote kati ya hayo, wakupeleke hospitali saa hiyohiyo, bila kwanza kukupa kidonge cha ziada cha presha wala kukutafutia maji ya kitunguu saumu, na waitazame saa ya ukutani ili waweze kusema lilianza muda gani, kwa kuwa hilo ndilo swali la kwanza watakaloulizwa mapokezi.